Burlesque: kuvaa koti ya mukubwa na kumucheka

Neno moja linarudia-rudia katika kurasa za kifransa za gazeti hili: burlesque. Kikao cha wakubwa kikiharibika, watu wakatupiana karatasi na viti, mwandishi anaandika kwamba ilikuwa burlesque. Mashahidi watatu wakitoa hadisi tatu mbele ya juge, ile nayo burlesque. Vijana wetu wa sendika, wale wanaosoma kwanza ukurasa wa Kiswahili na kisha wanajaribu zile zingine, wametuuliza: hii neno maana yake nini? Mumoja alilitafuta katika telefone, akatokewa na wanamuke wa Amerika wanaovua nguo jukwaani. Akafunga telefone haraka sana, juu mama yake alikuwa karibu.

Tumuondolee ile haya. Neno lenyewe halina uchi ndani. Linatoka kwa Waitalia: burla, maana yake mzaha, kumuchezea mutu ili wengine wacheke. Katika karne ya 16 kulikuwa kule Italia mwandishi mumoja, Francesco Berni, aliyechukua namna nzuri ya kuandika mashairi ya kusifu wafalme na kusifu nayo vitu vya ovyo: matunda, samaki mulefu kama nyoka, hata tauni. Wafransa wakalichukua neno, na katika karne ya 17 likawa kama homa mu Paris. Mambo ya kuvua nguo yalikuja nyuma sana. Mwaka 1868 Lydia Thompson, muchezaji wa Uingereza, alivuka bahari na kundi lake mupaka New York. Wanamuke wake walicheza nafasi za wanaume, wakaiga hadisi za wakubwa kwa kuchekesha, na nguo zao za kubana zikawashitusha wenyeji. Miaka ikapita, mzaha ukapungua na nguo nazo zikapungua. Jina likabaki palepale. Njo maana telefone ya kijana wetu haikudanganya, ila ilianza hadisi kwa mwisho.

Sisi tunapenda kuianzisha kwa Paul Scarron. Huyu alizaliwa mwaka 1610, na alipokuwa hajafika hata miaka 30 ugonjwa ukampinda mwili wote, akaishi katika kiti mupaka kufa kwake mwaka 1660. Ndugu zetu ambao udongo uliwaangukia katika shimo na leo hawanyooki mugongo watamuelewa. Kutoka katika kile kiti alichekesha inchi nzima. Kuanzia mwaka 1648 alitoa kitabu kinachoitwa Virgile travesti, ni kusema Virgile aliyevalishwa nguo ya mutu mwingine. Virgile alikuwa mushairi munene wa Roma. Aliimba hadisi ya Énée, shujaa aliyekimbia muji wa Troya uliokuwa unaungua, akimubeba baba yake mugongoni, na watu wake wakaenda kuanzisha ukoo wa Waroma. Mambo mazito kabisa, watoto wa shule waliyasoma kwa heshima na fimbo. Scarron akachukua wale mashujaa na miungu yao, akawasemesha kama watu wa soko: wanagombana, wanalialia, wanasema maneno ya jikoni.

Sisi wa Goma hatuhitaji mwalimu kutueleza kile kitabu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata muji katikati na kushuka mupaka ziwani. Tulikimbia, na kulikuwa kweli watu waliobeba baba yao mugongoni. Virgile angewaona hao tu. Lakini tulionaka vilevile mwenye kubeba mulango bila nyumba, na mwingine aliyeshika rimoti na kuacha televisheni. Tulilia, na juma mbili tatu nyuma, tukiwa tunapiga mawe ya lava ili kujenga tena, hadisi ya ile rimoti njo ilitusaidia kupandisha jiwe. Scarron angechukua ile rimoti mbele ya yote.

Wenye kusoma sana wanasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumushusha mukubwa: unamutoa mufalme katika kiti, unamusemesha kama mutu wa kwenye bariere. Ya pili ni kupandisha kitu kidogo: unachukua jambo la bure na kulitolea maneno ya enzi. Mwaka 1674 Boileau, ambaye hakumupenda Scarron hata kidogo, aliandika shairi la vita kubwa, na vita yenyewe ilikuwa ni mapadri wanaogombania fasi ya kuweka kibao cha kusomea vitabu kanisani.

Hii ya pili tunaishi nayo kila siku bila kuitambua. Angalieni mashimo ya coltan na kasiterite, Masisi na Walikale. Mwenye shimo, yule anayelisha wachimbaji na kungojea jiwe litokee, tunamuita nani? PDG. Président-directeur général! Hana biro, hana sekretere, kostime yake ni ya siku ya ubatizo. Biro yake ni sheeting moja juu ya miti mine, na chini yake tundu ambamo mutu anaingia kwa magoti na taa kwa kipaji. Lakini ni PDG, na anaitika. Hatujui nani alianza kuwaita vile, lakini tunasikia ndani yake sauti ya mutu aliyeona mapedeje wa kweli katika magari yenye vioo vyeusi, akasema: na sisi tuko nao.

Na Article 15? Katika inchi hii hakuna asiyeijua. Inasemwa kwamba ilizaliwa Kasai ya Kusini, mwanzo wa uhuru, watu walipokuja kuomba musaada wakajibiwa kwamba katiba ina article moja kwa ajili yao: mujisaidie wenyewe. Katiba nyingi zimepita tangu pale, na ile article haijaandikwa katika hata moja kwa maneno hayo, lakini njo ile tu inayofwatwa kila siku, toka Kinshasa mupaka Goma. Ukichukua lugha ya sheria, na article zake na namba zake, ukaipachika juu ya njaa, umefanya burlesque. Wazee wetu waliifanya bila kusoma Boileau.

Sasa tuje kwa jambo linalotugusa sisi watu wa kazi zaidi, ngoma ya beni. Ilianza kwenye pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Jina linatoka kwa Waingereza, ni ile fanfare ya askari na baragumu zake. Vijana wa Lamu na Mombasa waliona Wazungu wanavyotembea kwa mustari, wakatengeneza fanfare zao na kushindana kundi kwa kundi. Walijipa vyeo: mufalme, gavana, jenerali, daktari. Wakashona nguo za vile vyeo, wakapiga saluti, wakatembea. Vita ya 1914 ikaitawanya: askari na wapagazi waliokokotwa huku na huku wakaibeba mupaka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, na kwetu Katanga. Kule Tanganyika makundi makubwa yalikuwa mawili, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa pwani wenye adabu, Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi ngumu.

Kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ikaitwa Mbeni. Mwezi wa Mei 1935 wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya walifanya mugomo, juu serikali iliongeza kodi kwa watu wa miji ya machimbo. Tarehe 29 Mei, pale Luanshya, polisi walipiga risasi na watu sita wakafa. Tume ikaundwa kuchunguza. Na unajua walichunguza nini katika mambo mengine? Ngoma. Waliuliza Mbeni ni nini, wakubwa wake ni nani, barua zake zinatoka wapi. Wazungu ambao miaka yote walipita siku ya Mungu wakacheka kuona «mufalme» muweusi na saluti zake, sasa walianza kuhesabu wale wachezaji.

Walikuwa na sababu. Kundi lenye jenerali na karani, lenye kukusanya feza kila mwezi, kumuzika mwenzake akikufa mbali na mukini kwao na kutuma habari toka kambi moja mupaka ingine, ukiliondolea baragumu linafanana na nini? Kwetu Congo ya Wabelgiji watu weusi hawakuruhusiwa kuwa na sendika mupaka mwaka 1946. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walipigwa risasi Elisabethville, na musemaji wao Léonard Mpoyi akauawa. Ndani ya hali kama ile, ngoma ilikuwa fasi moja ambapo mutu wa kazi aliweza kujipa cheo bila ruhusa.

Lakini walikuwa wanacheka Wazungu ao walikuwa wanatamani kuwa kama wao? Wataalamu wamegombana sana juu ya hii. Mwaka 1951 J. Clyde Mitchell aliangalia kule Luanshya ngoma ingine iliyozaliwa na ile ya zamani, kalela. Vijana walivaa vizuri kabisa, suruali zilizopigwa pasi, viatu vinavyongaa. Kati yao kulikuwa «daktari» mwenye koti nyeupe, na mwanamuke mumoja, «sista wa hospitali», aliyepita kati ya wachezaji na kioo na kitambaa cha kufuta jasho. Mitchell aliona pale zaidi kiu ya heshima: muchimbaji alijivika maisha aliyonyimwa.

Sisi, tuliopitisha miaka mingi kati ya wachimbaji, tunaona kwamba wanaouliza «hii ao ile?» hawajavaaka koti ya mutu mwingine. Ukiivaa ile koti, mara ya kwanza unajiona mukubwa, kifua kinatoka chenyewe. Kisha wenzako wanacheka, na wewe unacheka, na ghafla koti inaonekana kuwa nguo tu. Mambo mawili yanaingia kwa mulango mumoja. Na yule mwenye koti ya kweli, akiwa pale, hajui kama anasifiwa ao anatukanwa. Ile kutojua kwake njo kinga ya muchezaji.

Kuna lakini kucheka kwingine ambako hatukupendi. Katika miaka ya 1950 padri mumoja wa Scheut, Albert Van Haelst, alitengeneza kule Kasai filamu fupi za Matamata na Pilipili, munene na mwembamba, kama Laurel na Hardy. Wazee wetu walizicheka mupaka machozi, na hatutawanyanganya ile furaha. Matamata ni muchezaji wa kweli. Lakini tuangalie nani anachekwa. Anachekwa muweusi aliyetoka mukini, asiyejua kazi ya muji, anayejidai na kuanguka. Mwenye kamera hachekwi. Kofia ya gavana haianguki. Burlesque ya Scarron inapanda, inagonga juu. Hii inashuka kwa aliye chini tayari. Na leo bado: ni mara ngapi katika harusi ao kwenye televisheni tunaona mwanaume anafunga kikwembe, anajaza matambara kifuani, na kumuiga mama wa mukini anayesema kifransa kibaya? Bamama wanaotwanga mawe kwenye machimbo, mikono imejaa vumbi, wametuambia waziwazi: «Munatucheka sisi juu sisi hatuna polisi.» Walisema vizuri kuliko kitabu.

Mufano wa kufwata tuko nao hapahapa inchini. Mu Lubumbashi kundi la Mufwankolo limechekesha watu miaka mingi, kwenye radio na kisha kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha kule, cha watu wa reli na wa Gécamines. Mwaka 1986, wakati wa chama kimoja, Johannes Fabian, mutaalamu wa kizungu aliyekuwa amefundisha kule, aliwauliza maana ya musemo aliousikia: le pouvoir se mange entier. Madaraka yanaliwa mazima, hayakatwi vipande. Badala ya kumujibu na sentensi moja walikaa, wakabishana, kila mumoja na maana yake, na ule ubishi ukazaa muchezo muzima. Waliucheza katika mukini Kawama na kamera za televisheni ziliuchukua. Walisema juu ya chefu wa kijiji, washauri wake na watu wake. Chefu wa kijiji tu! Nani angeweza kusema kwamba ni mwingine anayezungumuziwa? Hakuna jina lililotajwa. Watu walikuwa na akili ya kuhesabu wenyewe. Fabian alitoa kitabu juu ya hii yote mwaka 1990.

Ile njia ya chefu wa kijiji tunaijua na sisi. Mwezi wa Septemba 2010, machimbo ya Kivu zote mbili na ya Maniema yalipofungwa, na watu maelfu wakarudi mijini mikono mitupu, tulizika nyundo. Tuliitengenezea sanduku, tukaifunika na kitambaa cheupe, mumoja wetu akavaa kravate na kusoma hotuba: marehemu alizaliwa katika familia ya kawaida, alitumikia taifa, ameacha mujane, naye ni burini. Watu wa kartye waliokuwa wanapita walisimama, wengine walivua kofia kwa kweli kabla ya kuelewa. Hakuna aliyetukanwa. Machimbo yalifunguliwa tena mwezi wa Machi 2011, siyo juu ya nyundo yetu, tusijidanganye. Lakini siku ile ya mazishi watu waliokuwa wamejifungia nyumbani na haya ya kukosa feza walitoka na kuongea.

Muchezo wa mizani ulikuwa jambo lingine. Kila muchimbaji anajua hadisi: mufuko unatoka kwenye shimo na kilo 50, kwenye nyumba ya kununua mawe unakuwa kilo 43. Siku ya kwanza ya mwezi wa tano, miaka michache iliopita, kijana mumoja wa kwetu aliigiza munuzi. Alikuwa fundi kweli: tumbo la mutu, kikohozi chake, namna ya kulaza kalamu kwenye sikio, hata ile tabia ya kumuita kila mutu «mwanangu» kabla ya kumuibia. Hakutaja jina. Haikuwa lazima, watoto walilipiga kelele wenyewe. Kisha ya siku mbili aliitwa kwenye biro moja ambayo hatutaitaja, akalala pale siku tatu, na alipotoka hakuna mutu aliyenunua tena jiwe lake kwenye ule mulima. Sasa anapakia mizigo kwenye bandari, kwenye mashua za Bukavu, na mugongo wake hautatungojea milele.

Tangu pale sendika yetu imegawanyika. Wazee wanasema: tuandike barua, tuombe mizani ipimwe mbele ya mashahidi, muchezo unaleta hasira na hasira inakula mutoto wa wenyewe. Vijana wanajibu kwamba barua saba ziliandikwa, na munuzi yule hakusoma hata moja, lakini muchezo aliusikia siku ileile. Wote wako na haki. Historia ya hii kazi inawapa haki wote. Scarron alihesabiwa kuwa mwandishi wa shairi la kumutukana Mazarin, waziri mukubwa wa Ufaransa, na ile feza aliyokuwa akipewa na malkia ikakatwa. London mwaka 1728 John Gay alionyesha muchezo wa wezi wanaoimba kama mabwana wa opera, na watu wakamutambua ndani yake waziri Walpole. Muchezo uliingiza feza nyingi. Ule alioandika kuufwata ulikatazwa kuonyeshwa. Kucheka hakujawahi kuwa bure, na swali lililotugawanya siyo kama tucheke, ni nani atalipa. Kijana mumoja hawezi kulipa peke yake kwa kicheko cha watu mia tatu.

Mwaka huu bamama wa kutwanga mawe njo walipata njia, katika kikao cha mwezi jana. Hakutakuwa munuzi katika muchezo. Hakutakuwa tumbo wala kalamu. Mizani yenyewe njo itakuwa mukubwa: itavalishwa kostime na mustari wa rangi tatu kifuani, itaapa kiapo mbele ya watu kama waziri siku ya kwanza, itasema hotuba juu ya ukweli na uwazi, na kila inaposema neno «ukweli» sindano yake inashuka kilo moja. Watakaocheza sauti yake ni kumi na wawili kwa pamoja, wanaume na wanamuke, nyuma ya pazia, ili asiwepo wa kuitwa peke yake. Mazoezi ni kila siku ya tatu, saa kumi ya jioni. Kostime bado tunaitafuta. Inapashwa kuwa kubwa, juu mizani ni pana kwenye mabega.